Jane au Chimp Empire: mkazi wa Kigoma aanze na ipi?

Nianze na msimamo wangu, ili mwenye haraka aondoke nao. Ukiwa na nafasi ya kutazama moja tu kati ya makala hizi mbili za sokwe wikiendi hii, tazama Chimp Empire. Ukiwa na nafasi ya zote mbili, anza na Jane ndipo uingie Chimp Empire, na usigeuze mpangilio huo. Sababu zangu ni ndefu kidogo.

Tangu Jane Goodall, Mwingereza aliyewachunguza sokwe wa Gombe, hifadhi iliyo kaskazini mwa mji wetu, afariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, watu hapa mjini wamerudi kuzitafuta filamu za sokwe. Wengi wanaziweka hizi mbili kapu moja. Nimewasikia watu pale Mwanga wakisema zote ni za Gombe. Siyo. Jane ndiyo ya Gombe yetu: ni filamu ya makala ya mwaka 2017, ina dakika 90, imeongozwa na Mmarekani Brett Morgen kwa ajili ya National Geographic. Chimp Empire ni makala ya vipindi 4 iliyotoka Netflix Aprili 2023, na imepigwa Ngogo, ndani ya Hifadhi ya Kibale, magharibi mwa Uganda. Mwongozaji wake ni James Reed, mmoja wa wale wawili walioongoza My Octopus Teacher iliyopata Oscar mwaka 2021. Msimulizi ni mwigizaji Mahershala Ali.

Kwa hiyo ya kwanza ni filamu ya mtu aliyekuja kuwatazama sokwe, na ya pili ni ya sokwe wenyewe. Ukilishika hilo tangu mwanzo hutaidai mojawapo kitu ambacho haikukusudia kukupa. Mimi mwenyewe nitaidai Jane mambo kadhaa hapa chini, lakini ni yale ambayo nadhani ilikuwa na uwezo wa kuyatoa.

Picha

Hapa Jane haina mpinzani, na kwa mtu wa Kigoma ndiyo sababu kubwa ya kuitazama. Mwaka 1962 National Geographic walimtuma Gombe mpiga picha Mholanzi, Hugo van Lawick. Alipiga filamu za rangi za milimita 16, zaidi ya saa 100 kwa jumla, na sehemu kubwa yake ikakaa kwenye hifadhi ya kumbukumbu mpaka ilipoibuliwa tena mwaka 2014. Morgen ameitengeneza filamu yake kutokana na mali hiyo. Unachokiona ni Ziwa Tanganyika la miaka ya 1960 kwa rangi zake: maji yale ya buluu nzito, ufukwe wa changarawe, miteremko yenye nyasi za njano juu na msitu mzito mabondeni. Yeyote aliyewahi kupanda boti Kibirizi kuelekea kaskazini ataitambua ile mistari ya vilima kabla hajaambiwa ni wapi. Wengi wetu tunaoishi Gungu, Mwanga au Ujiji tumeiona Gombe kwa mbali tu, tukiwa ziwani, tunapita. Filamu hii inakushusha ufukweni.

Ila kuna jambo la kuangalia, na sioni watu wakilisema. Jane alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960. Lile tukio lililomfanya ajulikane duniani, la sokwe aliyempa jina David Greybeard akichokoa mchwa kwa jani la nyasi, lilitokea Novemba mwaka huohuo. Van Lawick alikuwa bado hajafika. Kwa maana hiyo picha zinazoambatana na simulizi ya miezi ile ya mwanzo zimepigwa baadaye, miaka miwili au zaidi. Anapotembea peke yake mlimani na darubini, kuna mtu amesimama na kamera mbele yake. Sisemi filamu inadanganya. Nasema uitazame ukijua kwamba upweke ule umepangwa, kwa sababu Morgen ameuchonga kwa ustadi kiasi kwamba unausahau kabisa.

Na sauti vilevile. Filamu za van Lawick hazikuwa na sauti. Kila kelele unayoisikia, ya sokwe, majani au mawimbi, imewekwa baadaye. Kazi hiyo wameifanya vizuri sana. Kilichonishinda ni muziki. Ni wa Philip Glass, mtunzi mkubwa, na peke yake ni muziki mzuri, lakini haupumziki. Sokwe Flo anambeba mwanawe, muziki unapanda. Mtu anapika chai kambini, muziki unapanda. Kuna sehemu nilitamani nisikie ziwa tu, basi.

Chimp Empire ina kamera za kisasa na inajua kuzitumia. Inakwenda karibu mno: unaona mikono, makovu, jicho la sokwe anayejifanya haangalii huku anaangalia. Lakini msitu wa Kibale ni mrefu na umefunga. Hakuna upeo wala maji, na kila pembe inafanana na pembe nyingine. Kipindi cha kwanza kinaweza kumchosha mtu aliyezoea uwazi wa ziwa. Vumilia, maana uzito wa makala hii hauko kwenye mandhari.

Vita

Hapa ndipo ninapoipa Chimp Empire ushindi, na nitakaa hapa kwa muda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, jamii ya sokwe waliokuwa wakifuatiliwa Gombe iligawanyika. Wengi walibaki katika kundi la Kasakela. Wachache walihamia kusini, wakaitwa kundi la Kahama, kwa jina la bonde lililomo humohumo Gombe. Wala si Kahama ile ya Shinyanga. Tarehe 7 Januari 1974, sokwe wa Kasakela walimvamia dume wa Kahama aitwaye Godi aliyekuwa akila peke yake, wakampiga hadi wakamwacha hoi, na hakuonekana tena. Kufikia mwaka 1978 madume wote wa Kahama walikuwa wameuawa au wametoweka. Wauaji na waliouawa walikuwa wamekua pamoja. Walichambuana manyoya, walilala kwenye miti ya jirani.

Katika Jane jambo hili linapewa dakika chache kuelekea mwisho, kama pigo mojawapo kati ya yale yaliyomfika Jane: ugonjwa wa polio ulioingia kwa sokwe mwaka 1966, kifo cha Flo mwaka 1972 na cha mwanawe Flint aliyemfuata kabla mwezi haujaisha, ndoa yake na van Lawick kuvunjika. Linapita kama huzuni yake. Kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa la filamu hii. Tukio lililobadilisha namna dunia inavyowafikiria sokwe, lililotokea kwenye vilima vinavyoonekana kutoka kwenye boti zetu, limekuwa sehemu ya habari za moyo wa mtu mmoja. Nusu saa inakwenda kwa ndoa, mtoto na maisha ya Serengeti. Simba na nyumbu wa Serengeti wamejaa katika filamu nyingine zozote. Ningezitoa dakika zile zote nikawape Kasakela na Kahama.

Kuna na suala la ndizi. Filamu ya Jane inaonyesha wazi, wala haifichi, kwamba kambi ilikuwa ikiwapa sokwe ndizi ili wasogee karibu. Unawaona wakivamia mahema, wakifungua masanduku, wakigombana. Baadaye wakosoaji walisema ukatili wa Gombe ulitokana na ndizi hizo: kwamba binadamu aliwafundisha sokwe kugombania chakula, na vita ikazaliwa pale. Hoja hiyo ilisumbua wataalamu kwa miaka, na ukimaliza Jane itakusumbua na wewe. Filamu inakuachia swali hilo mkononi.

Ndipo unafungua Chimp Empire. Ngogo hakuna ndizi za kambini. Watafiti na wafuatiliaji wamekaa na sokwe wale kwa zaidi ya miaka 25 wakiwazoesha kwa kuwafuata tu, bila kuwalisha. Jamii yao ilikuwa kubwa kuliko nyingine yoyote ya sokwe iliyowahi kurekodiwa, ikikaribia sokwe 200. Nayo iligawanyika. Lipo kundi la Kati, kubwa, linaloongozwa na dume aitwaye Jackson, na kundi la Magharibi, lenye sokwe wachache lakini wenye mshikamano mkubwa. Wanapakana, wanajuana, wanatembea mpakani kwa mstari, kimya, wakinusa ardhi. Kinachofuata sitakieleza. Ninachosema ni kwamba mtu aliyetoka kwenye Jane anakiona kila kitu kwa uzito mara mbili, kwa sababu anajua kilichotokea Gombe na alikuwa amejiambia labda ni ndizi.

Hilo ndilo jibu langu kwa wanaoniuliza kwa nini nang'ang'ania mpangilio. Ukianza na Chimp Empire utapata tamthilia kali ya madaraka, uishie hapo. Ukianza na Jane utapata swali, kisha jibu.

Tena Chimp Empire haikimbilii mapigano. Inakupa saa nzima ya kujua nani anamtegemea nani. Jackson si jitu la nguvu tu. Anahitaji washirika, na washirika wanahitaji kutunzwa kwa kuchambuliwa manyoya, kupewa nyama ya mbega mwekundu baada ya mawindo, kukaliwa karibu. Abrams anakitaka kiti chake na unaona jinsi anavyojipenyeza. Na yupo Gus, kijana wa pembeni anayetafuta kukubaliwa na madume wakubwa, ambaye nilijikuta namwombea kila alipotokea. Hakuna sokwe katika Jane unayemjua kwa kiasi hicho, hata Flo, na Flo alitazamwa kwa miaka.

Msimulizi

Jane inasimuliwa na Jane mwenyewe, kwa sauti yake ya uzeeni, na hakuna mwigizaji anayeweza kushindana na hilo. Anaongea taratibu. Anasema alichokiona, na pale asipojua anakubali.

Mahershala Ali ana sauti nzuri, nzito, ila maandishi aliyopewa yanajua mno. Anakuambia Abrams anawaza nini, Gus ana ndoto gani, Jackson anahofia nini. Wakati mwingine picha inaonyesha sokwe amekaa tu anajikuna, nawe umeshaambiwa anapanga mapinduzi. Naipenda makala hii kwa dhati, na ndiyo maana jambo hili linanikera: ushahidi wa picha ulikuwa unatosha. Nakushauri umsikilize anapotoa majina na uhusiano, kisha nia za sokwe uziamue wewe kwa kutazama.

Watu wetu

Aliyeshuhudia shambulio dhidi ya Godi siku ile ya Januari 1974 hakuwa mgeni. Alikuwa Hilali Matama, mtafiti msaidizi mwandamizi wa kituo cha Gombe, Mtanzania. Jina lake limo katika vitabu vya wataalamu wa sokwe duniani kote. Mwaka uliofuata, Mei 1975, wapiganaji wa Laurent Kabila walivuka ziwa kutoka Zaire, wakavamia kituo usiku na kuwateka wanafunzi 4 wa kigeni. Waliachiliwa baadaye, lakini tangu hapo wanafunzi wa nje waliondolewa, na kazi ya kuwafuata sokwe mlimani kila siku, kuandika nani kaenda wapi na kafanya nini, ikabebwa na Watanzania, wengi wao kutoka vijiji vya huku kwetu. Maana yake ni kwamba habari za ile vita ya miaka minne zimejulikana kwa kiasi kikubwa kupitia macho na kalamu zao.

Filamu ya Jane imejengwa juu ya sauti ya mtu mmoja na kamera ya mwingine, wakipendana. Watanzania wanapita kwenye picha: wavuvi, wapagazi, wagonjwa wanaohudumiwa na mama yake Jane kwenye kliniki yake ndogo ya ufukweni. Wanapita bila kuongea. Mtu anaweza kusema kanda hazikuwa na sauti, na ni kweli. Lakini Morgen alimrekodi Jane katika miaka ya 2010, na Kigoma ilikuwa na wazee wa kazi ile wa kuwauliza. Sauti moja tu ya mzee wa Mwamgongo au Mtanga ingeigeuza filamu nzima.

Chimp Empire nayo haina cha kujivunia hapo. Watafiti na wafuatiliaji wa Kiganda wanatajwa, wanaonekana kidogo, kisha msitu unaachiwa sokwe. Naisamehe zaidi kwa sababu haikudai kuwa hadithi ya watu.

Kuna kisa kimoja cha Kigoma mjini ambacho Jane Goodall alikiandika mwenyewe na ambacho ningekipa dakika tano nzima. Alipofika hapa na mama yake mwaka 1960, Kongo ilikuwa imetoka kupata uhuru tarehe 30 Juni na Wabelgiji walikuwa wakivuka ziwa kwa mamia kukimbia machafuko. Safari ya Gombe ikasimama. Wawili hao walipiga hema kwenye eneo la gereza wakasaidia kutengeneza mikate ya nyama ya kopo kwa ajili ya wakimbizi. Mji huu, ambao umewapokea watu wa ng'ambo ya ziwa kizazi baada ya kizazi, ungejiona katika kisa hicho.

Watoto, lugha na bando

Kwa watoto wadogo sishauri yoyote kati ya hizi mbili. Jane ina sokwe waliopooza kwa polio na mtoto wa sokwe anayekufa kwa majonzi. Chimp Empire ina mawindo na mauaji, na haifumbi macho. Wawekee Chimpanzee ya Disneynature ya mwaka 2012, hadithi ya yatima aitwaye Oscar anayelelewa na dume kiongozi. Imetiwa sukari, lakini watoto wataipenda na hawataota ndoto mbaya.

Ipo pia Jane Goodall: The Hope ya mwaka 2020, inayomfuata Jane uzeeni katika safari zake na kazi ya Roots & Shoots, mpango wa vijana wa kutunza mazingira aliouanzisha Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12. Ni filamu ya heshima, haina mvutano. Itazame ikiwa umeshampenda. Kazi ya TACARE, mradi wa Taasisi ya Jane Goodall ulioanza mwaka 1994 katika vijiji vinavyopakana na Gombe, vitalu vya miche, maji, mikopo ya akina mama, ingestahili filamu yake pekee, tena ya Kiswahili.

Zote nilizozitaja ni za Kiingereza. Kama nyumbani kuna wazee, mtu mmoja atalazimika kutafsiri, na hapo Jane ni rahisi mno: ina vipande virefu ambavyo hakuna anayeongea, muziki tu, unapata nafasi ya kueleza na mzee anapata nafasi ya kuuliza. Wazee waliovua miaka ile watakuambia mengi zaidi ya filamu yenyewe. Waache waongee, simamisha picha. Chimp Empire msimulizi hakupi pumzi. Ukitaka kuitafsiri, itazame kwanza peke yako.

Kwa bando, Chimp Empire ni zaidi ya saa tatu ukiunganisha vipindi vyote. Pakua kwenye programu ya Netflix usiku, kwa ubora wa chini, kipindi kimoja kimoja. Kwenye simu hutaona tofauti kubwa. Jane, kinyume chake, usiitazame kwenye simu kama una namna yoyote ya kupata televisheni. Zile rangi za ziwa zinaibeba nusu ya filamu.

Nani achague nini

Mwanafunzi wa baiolojia wa kidato cha tano na cha sita: Chimp Empire, bila kusita. Utajifunza tabia za sokwe katika vipindi vinne kuliko katika kurasa nyingi za daftari. Kijana anayesomea kuongoza watalii: zote mbili, na Jane mara mbili, kwa sababu mgeni atakayeshuka Kibirizi kupanda boti kuna uwezekano mkubwa ameiona, na atakuuliza kuhusu David Greybeard na Flo kana kwamba walikuwa majirani zako. Mwambie pia habari za Hilali Matama. Mzee wa Ujiji au Katonga: Jane, hata kama atasinzia kwenye sehemu za Serengeti. Anayependa tamthilia za ufalme na usaliti: Chimp Empire, na atashangaa kwamba haikuandikwa na mtu.

Na ukiianza hiyo, usijitese na majina. Kipindi cha kwanza kinamwaga majina mengi mno kwa mpigo. Shika matatu: Jackson, Abrams na Gus. Wengine utawazoea kadiri wanavyopita, na kipindi cha pili kikianza utakuwa unawatofautisha kwa nyuso.